Nani Aliyeibeba Neema Hii?



Mtu akiona mali ya mwenzake, jambo la kwanza analouliza ni njia iliyoileta: je, ni ya halali au ya haramu? Swali hili ni zuri, na sisi sote tumelelewa nalo majumbani mwetu. Lakini liko swali la pili lisilosikika sana, nalo ni hili: neema hii iliyonifikia mlangoni, nani aliyeibeba mpaka ikafika, na je, aliulizwa? Mtu aweza kuwa hakuiba, hakupunja mizani, wala hakula riba, na bado akawa anaishi juu ya mabega ya mtu asiyemjua. Je, mtu huyo ana hatia? Tulitazame jambo hili kwa mfano wa nchi moja iliyo mbali na milima iliyo karibu nasi.

Nchi yenyewe ni Marekani ya miaka ya 1950. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, miji mingi ya Ulaya na Japani ilikuwa magofu, lakini viwanda vya Marekani vilikuwa vizima. Katika miaka iliyofuata, khasa wakati wa Rais Eisenhower, aliyetawala tangu 1953 hadi 1961, watu wengi wa kawaida wa nchi ile walipata mambo ambayo baba zao hawakuyaota: nyumba yenye bustani, motokaa, jokofu na televisheni. Mwaka 1956 ilipitishwa sheria ya kujenga barabara kuu za kuunganisha nchi nzima. Tusiwanyime haki yao: wengi walifanya kazi kwa bidii, na walichokipata kilikuwa jasho lao.

Hata hivyo, ndani ya nyumba ile ile ya neema walikuwamo waliobeba mizigo bila kukaribishwa mezani. Mitaa mipya ya Levittown, iliyosifiwa kila mahali, haikuwauzia nyumba watu weusi. Desemba 1955, katika mji wa Montgomery, watu weusi waliochoka kudhalilishwa ndani ya mabasi waliyasusia kwa zaidi ya mwaka mzima, wengi wao wakienda kazini kwa miguu. Na mwaka 1958 mtaalamu wa uchumi John Kenneth Galbraith aliwaonya wenzake kwamba mali ya mtu mmoja mmoja inaongezeka, huku mambo ya wote yakiachwa nyuma.

Basi hayo yanatuhusu nini sisi? Mkulima wa Marekani alihitaji kamba ya kufungia majani makavu ya mifugo yake. Kamba nyingi za namna hiyo zilisokotwa kwa katani, na Tanganyika ndiyo iliyoongoza ulimwenguni kwa kutoa katani. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, mataifa makubwa yalinunua bidhaa kwa pupa, na bei ya katani ikapanda sana. Aliyesafiri kwa gari la moshi kutoka Ngerengere kwenda Morogoro, Kimamba na Kilosa aliyaona mashamba ya mkonge njiani. Wakataji wengi walikuwa manamba, watu waliotoka mbali kwa mikataba: Wangoni, Wabena, Waha, Wamakonde. Faida iliyowafikia wenye mashamba haikulingana hata kidogo na ile iliyoingia mkononi mwa mkataji.

Sasa inua macho uitazame milima ya Uluguru, iliyo juu ya mashamba hayo. Huko Marekani haikuamuru lolote. Aliyeamuru ni serikali ya Mwingereza, lakini swali letu ni lile lile. Baada ya vita serikali hiyo ilianzisha mpango wa kutunza ardhi ya Uluguru. Sababu yake haikuwa ya uongo, kwani mvua ilikuwa ikiuchukua udongo wa miteremko na kuutia mitoni. Waluguru wakaamriwa wachimbe matuta ya ngazi. Lakini udongo wenye rutuba huko mlimani ni mwembamba. Ukichimba sana unauleta juu ule usiofaa, na mavuno yanapungua. Kazi ilikuwa nzito, na watu waliogopa kwamba ardhi ya koo zao, inayorithiwa kwa upande wa mama, itachukuliwa. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Baadaye shuruti ikaondolewa. Miezi mitano tu baada ya Matombo, ndipo watu wa Montgomery waliposusia mabasi. Hawa na wale hawakujuana, lakini neno lao lilikuwa moja: mzigo huu tumetwishwa, hatukuulizwa.

Utaniambia: mkulima wa Marekani alikuwa na kosa gani? Alinunua kamba dukani, akalipa bei iliyotajwa. Ni kweli, na haki inataka tupambanue. Hatia ya mwenye kuamuru si sawa na ya mwenye kuchuma faida, wala ya mwenye kuchuma faida si sawa na ya mwenye kutumia tu. Kutokujua ni udhuru. Lakini udhuru huo una mwisho wake: unakwisha siku mtu anapojua, na unadhoofika kila siku anapokuwa na njia ya kujua asitake. Kamba za plastiki zilipoingia sokoni katika miaka ya 1960, mkulima yule alizichukua kwa kuwa ni rahisi. Bei ya katani ikaanguka, na mashamba mengi yakaja kugeuka pori. Neema ilipokuja mkataji wa mkonge hakuulizwa, na ilipoondoka hakuulizwa vile vile.

Lakini tusimalize maneno yetu kwa kumlaumu mtu wa mbali, maana hiyo ni kazi nyepesi. Wewe unayekaa Dar es Salaam, Kibaha au Bagamoyo, unapofungua bomba ili utawadhe, sehemu kubwa ya maji hayo yatoka mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Na mto wenyewe unalishwa na vijito vya Uluguru. Mluguru akikatazwa kulima ukingoni mwa kijito, au akiambiwa asikate mti, wanaofaidi ni sisi tunaooga na kupika huku pwani. Kwake yeye, sisi ndio yule mkulima wa Marekani.

Iko njia nyingine, na imekwisha kujaribiwa. Katika miaka iliyofuata 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliwaendea wakulima wa Kibungo Juu, huko huko Uluguru, yakapatana nao walipwe kwa kutunza ardhi na maji. DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam la wakati huo, lilichangia. Wakulima wakapanda miti, na wengine wakachimba matuta. Matuta, ndugu msomaji! Jambo lile lile lililomwaga damu mwaka 1955. Malipo hayakuwa makubwa, wala mradi haukuwafikia wote. Lakini safari hii mtu aliulizwa kwanza, na mwenye kunywa akatoa kitu kwa mwenye kutunza.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Mwenye kuneemeka hana hatia kwa kuneemeka. Hatia huanza pale anapomjua aliyembebea, kisha akageuza uso. Shukrani haikamiliki kwa kutamkwa ulimini kwa Mwenyezi Mungu aliyetoa, kama haimfikii pia mja aliyebeba. Basi waambie watoto wako maji ya nyumbani kwenu yanatoka wapi. Usiliache bomba likimwagika ovyo. Na siku utakapotakiwa kuongeza senti chache kwa ajili ya wanaotunza vyanzo vya maji, usiwe wa kwanza kunung'unika. Ila uliza, na usichoke kuuliza, kama kweli senti hizo zinapanda mlimani.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kushukuru kwa vitendo.