Je, Warumi Waliibadilisha Biblia?



Katika kipindi cha vijana, kijana wetu mmoja alisimama akauliza: "Watu wanasema Kaisari wa Roma ndiye aliyeiandika Biblia upya. Tutajuaje kwamba tunachosoma ndicho walichoandika mitume?" Baadhi yetu sisi wazee tulimwambia akae chini. Tulikosea. Mwenye njaa ya kweli akifukuzwa mlangoni kwetu, atakula popote, na chochote atakachopewa.

Basi tujibu. Mwaka 303 Kaisari Diocletian aliamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe moto. Mwaka huo huo, katika mji wa Cirta, Afrika ya Kaskazini, wakuu wa serikali walipita nyumba kwa nyumba za wasomaji wa kanisa, wakachukua vitabu zaidi ya 30. Askofu Felix wa Thibiuca alikataa kutoa vyake, akauawa. Wengine walitoa ili waishi, wakaitwa wasaliti, na ugomvi huo uligawanya kanisa la Afrika kwa zaidi ya miaka 100. Sisi tuliokimbia usiku na kuacha vyote tusiwe wepesi kuwahukumu. Aliyeshikiwa panga hachagui kama aliyekaa kivulini.

Lakini moto ule haukuyamaliza Maandiko. Kwa nini? Kwa sababu hayakuwa katika nyumba moja. Yalikuwa yameshanakiliwa Misri, Siria, Afrika na Ulaya, kwa Kigiriki, Kilatini na Kisiria. Hakuna mtu aliyekuwa na orodha ya nakala zote, hata Kaisari mwenyewe.

Baadaye akaja Kaisari Constantine, aliyekuwa rafiki wa kanisa. Wengi husema ndiye aliyechagua vitabu vya Biblia katika mkutano wa Nikea mwaka 325. Sivyo. Maaskofu wale walijadili uungu wa Mwana na tarehe ya Pasaka. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo inaonekana katika barua ya Athanasius wa Aleksandria ya mwaka 367, na Constantine alikuwa amekufa tangu mwaka 337.

Ni kweli aliagiza nakala 50 kwa Eusebius wa Kaisaria, na ni haki kumtilia shaka mtawala anayelipia vitabu. Lakini katika miaka ya 1930 ilijulikana nakala ya kale kutoka Misri yenye barua nyingi za Paulo, iliyoandikwa yapata mwaka 200, kabla Constantine hajazaliwa. Tukiilinganisha na nakala za baadaye, tunamkuta Paulo yule yule na Injili ile ile. Mfalme angebadilishaje kitabu ambacho hakujua kilipo?

Je, hakuna tofauti kabisa? Zipo, na hapa tuseme kweli yote. Marko 16:9-20 haimo katika nakala mbili kubwa za karne ya nne. Habari ya mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 7:53 hadi 8:11, haimo katika nakala za kale zaidi. Katika 1 Yohana 5, maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni yaliingia kwa njia ya Kilatini. Hayo hayakuletwa na amri ya Kaisari. Yalitoka katika mikono ya waamini walionakili: mmoja alisinzia, mwingine alitaka kufafanua, mwingine alipenda habari njema isipotee. Biblia nyingi za leo huyaweka katika mabano au huyaeleza chini ya ukurasa.

Mnakumbuka tulipofika hapa bila vitabu vya nyimbo. Mama zetu waliimba kwa kumbukumbu, kila mmoja kama walivyoimba kijijini kwao. Beti ambazo watu wa vijiji vinne visivyojuana waliziimba sawasawa, tuliziandika bila wasiwasi. Palipotofautiana tuliuliza, na mara nyingine tulikuta mmoja ameongeza ubeti wake. Wimbo haukupotea kwa sababu haukuwa wa mtu mmoja. Lakini kama tungemwachia mmoja tu, na kuwakataza wengine wasimsahihishe, nani angejua alipokosea?

Ndivyo tunavyoelewa uaminifu wa Maandiko. Hayakuhifadhiwa na mkono mmoja wenye nguvu. Yalihifadhiwa na mikono mingi dhaifu, kila mmoja ukionyesha kosa la mwenzake. Kwa hiyo kuficha mabano yale si kuilinda Biblia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kijana akija kuyagundua peke yake, atadhani tulimdanganya hata katika mengine.

Kijana wetu, tunakuomba radhi. Njoo kwenye somo la Jumamosi. Wote mje na Biblia zenu, za Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, tuzifungue pamoja hapo penye mabano tusome.

Mungu awabariki.