Mkia Uko Wapi?

Kuna mzee mmoja mwenye buchari karibu na Top Market hapa Nakuru. Kwa miaka yote niliyonunua nyama kwake, sijamwona akishusha panga kabla ya kumgeuza mbuzi. Humshika mguu wa nyuma, akamzungusha taratibu kwenye kulabu mpaka muhuri wa mkaguzi, ule wino wa zambarau uliokaukia pajani, umwelekee mteja. Ndipo huuliza, "Haya mama, nikukatie wapi?" Mkia huuacha palepale ulipo, mfupi, umesimama, hadi nyama iishe. Nilidhani hayo ni mazoea yake tu. Maana yake niliijua siku nilipomkimbia.

Ilikuwa Desemba. Binti yangu alikuwa anatarajia wageni, watu wa upande wa mchumba wake, waliokuwa wanakuja kwetu Free Area siku ya Jumamosi kujitambulisha. Desemba nyama hupanda bei, maana shule zimefungwa na kila boma lina sherehe. Nilihitaji kilo 15 za mbuzi, na kila nilipopiga hesabu pesa hazikutosha. Alhamisi jioni jirani akanielekeza kwa kijana wa pikipiki aliyekuwa akiuza mbuzi kwa shilingi 200 chini ya bei ya buchari kwa kila kilo. Alifika mlangoni giza likiwa limeingia. Nyama ilikuwa imekatwakatwa tayari, ndani ya gunia lililotandikwa nailoni. "Nimekupunguzia kazi, mama," akaniambia.

Nilitaka kumwuliza mbuzi ametoka wapi na amechinjiwa wapi. Swali lilinifika mdomoni nikalimeza, kwa kuogopa kwamba nikiuliza sana atapandisha bei. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi usiku ule niliona kuuliza ni hasara. Nikalipa, nikafurahi kwamba nimeokoa shilingi 3,000. Mwanangu wa kidato cha tatu akaketi jikoni kuvipunguza vile vipande vikubwa. Ncha ya mfupa ikamkwaruza mkono, juu kidogo ya kidole gumba. Akanawa, akaendelea na kazi.

Ijumaa asubuhi akaingia mjomba wangu kutoka Mogotio, mtu aliyefuga mbuzi tangu ujana wake. Yeye ndiye angetuongoza mbele ya wageni. Kabla hata ya chai alipita jikoni, akafunua beseni, akasimama kimya. Kisha akaniita.

"Binti yangu, mkia uko wapi?"

Nikacheka. Nilidhani anautaka auchome. Yeye hakucheka. Alichukua ubavu mmoja akausogeza dirishani penye mwanga. "Njoo uone." Katikati ya mbavu, mishipa midogo ilikuwa imejaa damu nyeusi, kama nyuzi zilizochovywa kwenye wino. Nyama yenyewe ilikuwa imepiga weusi, na mafuta, ambayo kwa mbuzi huwa meupe, yalikuwa na wekundu uliotapakaa. Mnyama akichinjwa angali hai, mjomba alinieleza, moyo wake wenyewe huisukuma damu nje mpaka mishipa ikauke. Akiwa amekwisha kufa, damu haina wa kuitoa, hubaki mwilini. "Huyu hakuchinjwa, mama. Huyu alikatwa shingo akiwa mzoga. Hiki ni kibudu. Na wamemkatakata ili usione shingo, usione ngozi, usione muhuri, wala mkia wa kukuambia kama ni mbuzi au ni kitu gani."

Nilimpigia yule kijana simu. Mteja hapatikani. Nikapiga tena jioni, na kesho yake. Mpaka leo hapatikani.

Mjomba alitukataza tusiitupe wala tusiwape mbwa. Alituma aitwe afisa wa mifugo, naye akaja amevaa glavu, akaiangalia ile nyama, akasimamia hadi yote ikateketea motoni. Beseni, panga na kibao vikaoshwa kwa Jiki. Akatuonya kwamba yeyote aliyeigusa, akiona kipele kisichoeleweka, akimbilie hospitali asingoje kesho.

Jumatatu mwanangu alikuwa na kipele mahali palepale alipokwaruzwa, kinawasha kama ameumwa na mdudu. Jumatano kilikuwa lengelenge limezungukwa na uvimbe. Daktari alipotuona, katikati pameanza kuwa peusi kama pamechomwa na kaa la moto, na kijana anasema hapaumi. Swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Mmegusa mnyama aliyekufa?" Ilikuwa kimeta. Alipewa dawa za kuua bakteria, na sisi tulioishika ile nyama tukapewa za kujikinga. Kimeta cha ngozi kikiwahiwa hutibika, na mwanangu alipona. Lakini kile kigaga cheusi kilikaa mkononi mwake wiki kadhaa, na kila aliponipokea kikombe cha chai nilikiona.

Nikiwaza sasa, sioni kwamba mimi ni mtu wa Nakuru ambaye angeweza kudai hakujua. Mwaka 2015 kimeta kiliua mamia ya nyati katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, hapa hapa mlangoni petu. Mbegu za ugonjwa huo hukaa udongoni miongo na miongo, zikingoja mnyama aje kula nyasi, na moto wa kawaida wa jikoni si wa kutegemewa kuziua. Na Homa ya Bonde la Ufa, ambayo dunia nzima inaiita kwa jina la bonde letu, ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1931 katika kondoo wa shamba moja la huku bondeni. Huambukizwa na mbu, na pia kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja na kukata. Nchi hii ina malisho mazuri na mifugo mingi. Magonjwa ya mifugo nayo yamo humu humu.

Ndiyo maana kuna mkaguzi. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, inataka mnyama akaguliwe mara mbili: akiwa hai, na baada ya kuchinjwa. Akiwa hai mkaguzi huangalia anavyosimama na anavyopumua, na anayeshukiwa haruhusiwi kuendelea. Akishachinjwa, hupasua tezi, hupapasa mapafu na maini akitafuta uvimbe, hukata moyo kutafuta viluwiluwi vya tegu. Muhuri ule mnaouona pajani ni neno la mtu aliyemwona mbuzi yule mzima, ndani na nje. Mimi nililiuza neno hilo kwa shilingi 200 kwa kilo.

Kwa hiyo nawasihi, hasa akina mama wenzangu wenye wageni na pesa kidogo. Nunueni nyama kutoka kwa mnyama anayening'inia. Mwili mzima una mengi ya kusema ambayo vipande haviwezi kusema. Mkia mfupi uliosimama ni wa mbuzi; wa kondoo huning'inia, na mara nyingi ni mnene kwa mafuta. Wenzetu wa Naivasha na Mogotio, waliokuwa na machinjio ya punda jirani yao na wakaibiwa punda zizini hadi serikali ilipopiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, wanajua hofu ya kutojua kilicho sufuriani. Nyama ikishakatwakatwa, punda, mbuzi na kibudu vyote huitwa nyama.

Msiiamini rangi peke yake. Mwezi Julai 2019 runinga ya NTV ilirusha uchunguzi kuhusu baadhi ya supamaketi za Nairobi zilizodaiwa kutia nyama kemikali ili iendelee kuonekana nyekundu na mpya. Wekundu unaweza kupakwa. Harufu, ukavu wa mishipa katikati ya mbavu na weupe wa mafuta ni vigumu zaidi kughushi. Simameni pale gogoni nyama ikikatwa, muone mizani ikianzia sufuri, muulize mnyama alichinjiwa wapi. Pikipiki inayobeba nyama halali huibeba ndani ya sanduku safi, haiibebi ndani ya gunia.

Na pesa zikipungua, shukeni chini kwenye mwili wa mbuzi yuleyule, msishuke kwenye gunia la usiku. Hili nalo nilifundishwa Ijumaa ileile. Nyama ilipoishia motoni, nilirudi kwa yule mzee wa Top Market na vijisenti vilivyobaki, nimeinamisha uso. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Mapaja yalikuwa yameisha. Alinionyesha kilichobaki: shingo mbili, mbavu, kichwa, miguu, matumbo na maini. "Mama, hakuna sehemu ya mbuzi isiyopikika, ila kuna inayotaka subira," akasema. Shingo tuliichemsha kwa moto mdogo tangu alfajiri na vitunguu na nyanya hadi nyama ikaachia mfupa. Kichwa na miguu vikawa supu. Matumbo tuliyaosha mara nne tukayakaanga na pilipili hoho. Wageni walikula, wakaongeza, na mama wa mchumba alimwomba binti yangu amfundishe ile shingo. Hakuna aliyeuliza paja liko wapi.

Muuzaji mwaminifu haumizwi na swali. Akiulizwa, hufurahi, kwa kuwa jibu analo kulabuni. Anayekasirika ukimuuliza amekwisha kukujibu.

Siku hizi mwanangu ndiye anayetumwa sokoni. Alama imebaki mkononi mwake, duara dogo jeupe juu ya kidole gumba. Juzi niliongozana naye. Alifika kwenye kaunta akasalimia, "Shikamoo mzee," akanyoosha mkono wenye ile alama, na kabla hajasema neno jingine mzee akamshika mbuzi mguu wa nyuma, akamgeuza.