Moto wa Sange

Tarehe 2 Julai 2010 motokaa kubwa iliyochukua petroli ilipinduka huko Sange, katika bonde la Ruzizi. Watu wakakimbilia kuiteka. Mara moto ukalipuka, ukaua watu zaidi ya 230. Wengine hawakuteka hata tone: walikuwa nyumbani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia.

Basi msiseme, "Mungu aliwaadhibu wezi." Bwana Yesu alikataza hukumu ya namna hiyo, alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Aliwaita wasikilizaji wake watubu wenyewe.

Petroli ikimwagika, wapelekeni watoto mbali, maana mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo. Nao walioachwa yatima na moto ule, wapokeeni kama ndugu.