Mzigo wa Vita ni wa Nani?



Sisi wa Jangwani hulitaja jina la Kariakoo kila siku, twendapo sokoni na turudipo, bila kukumbuka kwamba ni jina la vita. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, nasi tukalitamka kwa ulimi wetu. Mbung'o waliua farasi na punda, malori yalikuwa machache, basi risasi na unga vilikwenda vitani juu ya vichwa vya watu. Wapagazi makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi amebakiwa na jina la soko.

Tangu hapo silaha zimebadilika sana. Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, sisi tulikuwa vijana, na malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kubeba askari. Jeshi letu, lililoundwa mwaka 1964 baada ya maasi ya Januari, lilipanuliwa upesi kwa mgambo, likatumia roketi ambazo Waganda waliziita saba saba, zinazopiga umbali wa kilomita 20. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mwaka 2013 askari wetu walipigana na M23 Kongo ya mashariki chini ya Umoja wa Mataifa, na mwishoni mwa mwaka huo ndege zisizo na rubani zilianza kupeleleza huko.

Je, apigaye mbali bila kumwona anayempiga, dhamiri yake hubeba mzigo mwepesi zaidi? Wako wasemao ndiyo: yeye hufuata amri na ramani tu. Sisi hatukubali. Mwenye mkuki alimtazama mwenzake usoni, na bado alimchoma. Na pale Mutukula, Januari 1979, askari wetu waliubomoa mji kwa kisasi, nyumba zikaangushwa kwa tingatinga, chombo cha kutengenezea barabara. Mwalimu Nyerere alichukizwa, akaagiza raia na mali zao wasidhuriwe tena. Vita vilikuwa vya haki, na tendo lile halikuwa la haki.

Basi ubaya haumo katika chombo, wala wema haumo katika ukaribu. Lakini asiyeona uso amepungukiwa na kizuizi kimoja. Kwa hiyo kadiri silaha inavyofika mbali, ndivyo amri ya kuwahurumia raia inavyopaswa kuwa kali zaidi. Na sisi tusioshika bunduki, ambao jeshi linapigana kwa jina letu, tuna wajibu wa kuuliza: nani amebebeshwa mzigo safari hii?

Kaini aliulizwa yuko wapi ndugu yake. Hakuulizwa alitumia silaha gani.