Tusijihesabie Ushindi

Mnyuzi, katika wilaya ya Korogwe, ni mahali ambapo reli itokayo Ruvu, iliyokamilika mwaka 1963, huungana na reli itokayo Tanga. Mahali kama hapo gari moshi halipiti salama kwa ujasiri wa dereva peke yake. Yapasa reli iwe imekaguliwa, na njia iwe imekwisha kugeuzwa, kabla gari halijafika. Kazi hiyo haina watazamaji wala makofi. Lakini ikiachwa siku moja tu, safari nzima yaweza kuharibika.

Ndivyo ilivyo katika michezo, na ndivyo ilivyo katika uongozi.

Wengi wetu twaukumbuka mwezi wa Oktoba mwaka 2021. Tarehe 17 Simba ya Dar es Salaam iliishinda Jwaneng Galaxy huko Botswana, mabao mawili kwa sifuri, katika mashindano ya klabu bingwa za Afrika. Juma moja baadaye timu hizo zilikutana tena Dar es Salaam, na Simba ikatangulia kufunga. Nani miongoni mwetu hakuhesabu kwamba mambo yamekwisha? Lakini wageni walifunga mabao matatu. Jumla ikawa tatu kwa tatu, na kwa kanuni ya mabao ya ugenini Simba wakatolewa. Si juu yetu kuwahukumu wachezaji. Tujihukumu sisi tuliosherehekea kabla ya wakati.

Wako wanaodhani kwamba dawa ya majivuno ni woga. Sivyo. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 akiongoza tangu mwanzo hata mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Asiyemjua angesema kijana huyu anajivuna. Kumbe miguu ile ilikuwa imekwisha kuzoezwa. Ujasiri wa kweli huzaliwa na mazoezi. Majivuno hutaka taji bila mazoezi.

Tumtazame sasa Mtume Petro. Usiku wa Karamu ya Mwisho aliahidi kwamba hata wote wakimwacha Bwana, yeye hatamwacha. Hakusema uongo, kwa maana alimpenda kweli. Lakini huko Getsemani, alipoambiwa akeshe na kusali, alilala. Saa chache baadaye swali la mjakazi lilitosha kumwangusha. Petro hakushindwa uani mwa Kuhani Mkuu. Alikuwa amekwisha kushindwa bustanini, alipolala saa ya kujiandaa. Na aliyekesha ni nani? Ni Mwana wa Mungu mwenyewe!

Ndugu wasomaji, kishawishi hiki hutunyemelea hasa baada ya kufaulu. Mwenyekiti aliyechaguliwa kwa kura nyingi huacha kuwasikiliza watu wake. Mtunza hazina aliyeaminiwa miaka mingi huona kukaguliwa daftari lake kuwa ni kutukanwa. Mzazi ambaye mtoto wake amekwisha kupata Kipaimara huona kazi yake imekamilika, wala hapigi magoti tena pamoja naye jioni. Wazee wetu walituonya: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Mtakatifu Paulo naye, mtume mkubwa namna ile, aliwaeleza Wakorinto kwamba huutiisha mwili wake kama mwanamichezo, asije yeye aliyewahubiri wengine akakataliwa.

Basi kujiandaa si kukosa imani. Ni unyenyekevu, ni kukiri kwamba neema ya jana haikuondoa wajibu wa leo.

Juma hili kila mmoja ajiulize: ni kazi gani niliyoacha kuiandaa kwa sababu najiona naiweza? Aanzie hapo. Na aliyekwisha kulala asikate tamaa. Petro alilia, akaanza upya, na Bwana akamkabidhi kondoo wake.