MAKOFI NA MACHOZI

Msemaji akishuka jukwaani hali watu wanampigia makofi na vigelegele, hurudi kwake akiamini kwamba kazi yake imetimia. Sisi hatuamini upesi hivyo. Watu hupiga makofi kwa sababu nyingi: kwa kuwa sauti ilikuwa tamu, kwa kuwa mgeni ni mkubwa, na mara nyingine, tusifichane, kwa kuwa hotuba imekwisha.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika na askofu wa Hippo, alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema huko Karthago, Roma na Milano kabla ya kubatizwa mwaka 387. Makofi aliyajua sana. Mwaka 418 alifika Kaisaria ya Mauretania, mji uitwao siku hizi Cherchell, nchini Aljeria. Wenyeji wake walikuwa na desturi ya kutisha. Kila mwaka, majira yake yalipofika, walijigawa pande mbili wakapigana kwa mawe siku kadhaa mfululizo, ndugu kwa ndugu, hata baba kwa mwana, na aliyeweza kuua aliua. Mambo hayo waliyarithi kwa wazee wao, nao waliyapenda. Augustino akasimama kuwakataza. Walipomshangilia, alitambua kwamba wamefundishwa na kufurahishwa, basi, hakukoma. Aliendelea mpaka alipoona machozi yao. Hapo akajua mioyo imegeuka, akamaliza, akawaongoza kumshukuru Mungu. Alipoandika habari hiyo katika kitabu chake juu ya Mafundisho ya Kikristo, miaka minane na zaidi ilikuwa imepita, wala vita ile haikurudiwa.

Katika kitabu hicho hicho atoa shauri lifaalo kila asemaye mbele ya watu. Katika mazungumzo, asiyeelewa huuliza. Mbele ya umati wote hunyamaza kwa adabu. Kwa hiyo yampasa msemaji kuwatazama. Wasipoonyesha kwamba wameelewa, aligeuze neno lile lile kwa namna nyingine. Wakiisha kuelewa, amalize au ashike jambo jingine. Aliyekariri hotuba yake neno kwa neno hawezi kufanya hivyo, wala yule asomaye karatasi bila kuinua macho. Papa Fransisko mwaka 2024 alishauri mahubiri yasizidi dakika 8. Wako waliocheka, waumini, twadhani, walishusha pumzi.

Kwetu mawe hayarushwi kwa majira. Lakini mzee husimama matangani, na warithi wamekwisha kugawanyika kwa ajili ya shamba. Ni rahisi kumsifu marehemu nusu saa nzima, na wote watafurahi. Afadhali kabla ya kusimama aombe, kama alivyoagiza Augustino, tena ajue ni jambo gani moja alitakalo litendeke kesho asubuhi: shamba lisiuzwe, mjane asifukuzwe nyumbani. Akilisema hilo waziwazi huenda asipigiwe makofi hata kidogo. Na atazame ni nani aliyeinamisha kichwa.