Wote Saba Wapo

Mbwa jike asiye na mwenyewe alizaa chini ya baraza ya jengo letu la vijana, hapa Nakivale, usiku wa mvua. Asubuhi tukahesabu watoto saba. Wote rangi moja, ile ya vumbi la barabara yetu wakati wa kiangazi, na wote macho yamefungwa. Mbwa anazaliwa haoni wala hasikii. Macho yanafunguka baada ya siku 10 mpaka 14 hivi, masikio yanafuata. Kabla ya hapo anajua kunyonya, kulala na kutafuta joto, basi.

Mimi nafanya kazi na vijana na watoto, na nikaona hii ni nafasi ya kuwafundisha kutunza kitu. Mama yao alikuwa amekonda mbavu nje, maziwa yake hayatoshi. Jirani mwenye mbuzi akatupa maziwa kidogo kila jioni, tukawa tunayapasha moto na kuwanywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Unamshika akiwa kifudifudi, siyo chali kama mtoto wa mtu, la sivyo maziwa yanaingia mapafuni. Mimi nilikuwa mwandishi. Kila jioni niliandika kwenye daftari: wote saba wapo, wote wamekula.

Siku ya tano mmoja alikuwa baridi.

Tulipomlaza karibu na wenzake tukaona alikuwa kama nusu ya yule mkubwa. Hilo halikutokea usiku mmoja. Mafungu saba ya maziwa yalitoka kila jioni, hilo ni kweli. Watoto wa mbwa walikuwa saba kila jioni, hilo pia ni kweli. Lakini mwenye nguvu anatambaa mbele, tunamnywesha, tunamrudisha kwenye rundo, naye anatambaa mbele tena. Kumbe tulikuwa tunamnywesha mmoja mara mbili, pengine mara tatu, na yule wa chini ya rundo hapati kitu. Nilisoma daftari langu upya, sikuona uongo hata mstari mmoja. Ndiyo maana liliniuma. Kama ningekuwa nimedanganya, ningejua pa kuomba msamaha.

Basi tukaanza kutafuta tofauti. Tuliwageuza wote sita: dume watatu, jike watatu. Mmoja ana doa jeupe kifuani, mwingine ncha ya mkia nyeupe, mwingine kidole kimoja cha mguu wa nyuma. Pua usiiamini, maana pua nyekundu ya leo inakuwa nyeusi baada ya wiki chache. Binti mmoja wa kikundi alileta rangi ya kucha, tukapaka kucha moja kwa kila mmoja, mguu tofauti. Mama mbwa akalamba, na baada ya siku mbili hatukuona kitu. Mwishoni tulifumua sweta za zamani tukapata nyuzi za rangi sita, tukawafunga shingoni. Mwenye kuuza dagaa akatuazima mizani yake ndogo (tuliiosha, msiwe na wasiwasi). Mtoto wa mbwa mwenye afya anakaribia mara mbili ya uzito wa kuzaliwa kwake akifika siku kumi hivi. Sasa daftari likawa na mistari sita badala ya mmoja: mwekundu gramu kadhaa, kijani gramu kadhaa. Kijani alikuwa haongezeki. Tukaanza naye kila jioni, akaongezeka.

Ningeishia hapa ingekuwa hadithi nzuri ya uzi. Lakini siku moja, mizani ikiwa imerudi kwa mwenyewe, nilimshika mwekundu na kidole changu hakikupita kati ya uzi na shingo. Alikuwa amenenepa, uzi haukunenepa. Manyoya ya pale yalikuwa yameshakatika. Nikauliza nani alikuwa zamu. Walikuwa zamu kila siku, na wote walikuwa wamemwona. Walichoona ni rangi: mwekundu yupo. Wakaandika, wakaenda.

Katika watoto wetu kuna mmoja wa miaka 11, mtoro wa shule kidogo, ambaye hakuhitaji uzi. Tulimjaribu: tukawavua wote, tukawachanganya. Akawashika mmoja mmoja. "Uyu njo wa kijani, analalaka juu ya benzake. Uyu njo wa bluu, akilia sauti inakatika. Uyu wa njano, anakufinya na makucha." Sita kwa sita. Nikamuuliza umejifunza lini, akasema alikuwa anakaa nao tu. Sisi tulikuwa tunakuja na bomba la maziwa na daftari, dakika ishirini, tunaondoka.

Nikalipeleka jambo hili kwa mama mmoja jirani, Mrundi, mwenye mapacha wasichana. Kwao pacha wa kwanza anaitwa Bukuru na wa pili Butoyi, yaani hata majina yanakuambia tu nani alitangulia. Nilikumbuka mdogo alikuwa na uzi mweusi mkononi alipokuwa mchanga. Nikasema, mama, hata wewe ulikuwa unawachanganya? Akacheka sana. "Mimi? Hata gizani siwachanganyi. Ule uzi ulikuwa wa watu wa kliniki, wasimpe mmoja dawa mara mbili."

Nimelifikiria jibu lile kuliko mambo mengi niliyosoma sekondari. Alama siyo ya mwenye kujua, ni ya mgeni. Na kambi ni mahali ambapo chakula, dawa na karatasi vinapita mikononi mwa watu wasiokujua, hata wakiwa na moyo mzuri. Kwa hiyo siwezi kuchukia alama. Jumamosi tulipojadili, kijana mmoja alisema sisi ndio wale mbwa. Mwaka 2018 Uganda nzima wakimbizi tulipanga foleni, tukachukuliwa alama za vidole na picha ya mboni ya jicho, tukawa nyuzi. Wengine walicheka, yeye hakucheka. Binti mmoja akamjibu, "Yule wa saba hakuwa na uzi. Uliza alipo." Kimya.

Niko upande wa binti, lakini siyo mguu wote. Mimi niliingia Uganda nikiwa na miaka 10, nikaandikwa kwenye karatasi ya shangazi kama mtoto wake. Nilipofika 19 shangazi alikuwa amehamia kambi nyingine na mimi nikabaki, ninapika mwenyewe, ninalala mwenyewe, na karatasi bado inasema ni mtoto wa nyumba isiyokuwepo. Nilienda kueleza mara nne. Kila mara jina lilitafutwa, likapatikana, nikaambiwa: upo. Ndiyo, nilikuwepo. Kama mwekundu.

Ila mfano wa mbwa unaishia mahali, na kijana yule hakupaona. Mtoto wa mbwa hawezi kusema kamba inanibana. Mimi niliweza, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kibovu. Kwa hiyo swali la kutofautisha watu si gumu kama la mbwa, ni jepesi zaidi, na kwa sababu hiyo kosa lake ni kubwa zaidi. Ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, siwaombi mkae nasi siku nzima kama yule mtoto wa miaka 11. Mna kambi nzima, najua, na mimi mwenyewe nina watoto arobaini na ninawachanganya wawili mpaka leo. Ninaomba kidole kati ya uzi na shingo. Yaani baada ya kuona kwamba nipo, swali moja zaidi.

Walipofika wiki ya nane tuliwagawa kwenye familia zenye mashamba, kwa ajili ya nyani. Nyuzi tulizikata zote siku ile. Wa kijani alichukuliwa na mama wa mapacha, amekuwa mkubwa na mkali. Nikipita pale ananibwekea kama mwizi. Yule mtoto akipita, anamkimbilia mpaka barabarani.